Mbwa anayekutazama usoni harufu ikipotea

Mkuu, umesema mbwa wako wa miezi saba, unayemfundisha kufuata harufu, hatoki miguuni, na harufu ikimpotea anakugeukia. Pua yake haina shida. Kila akikwama unamwonyesha kwa kidole au unamvuta, kwa hiyo ameshajua jibu liko kwako. Kazi ngumu hapa ni yako: kunyamaza.

Mpeleke kwenye viwanja visivyojengwa, Chanika au Kigamboni huku Dar es Salaam, saa 12 asubuhi umande ungali kwenye majani. Tembea, badilisha uelekeo bila kumwita, mwache azunguke. Ukimwita, mpe kitu kidogo kisha mruhusu aende tena. Mbwa anayeitwa ili tu afungwe kamba hujifunza kutoitika.

Kisha ingia kwenye kuburuta. Chukua kipande cha ngozi mbichi ya mbuzi, kifunge kamba ya mita mbili, mtu mwingine akiburute mita 50 upepo ukimpiga mgongoni. Akiburuta kuelekea upepo unakotoka, mbwa atadaka hewani harufu ya mwisho wa njia na hatainamisha pua kabisa. Mburutaji aweke kipande cha utumbo uliochemshwa, kidogo kama ukucha, kila baada ya hatua tatu, na ngozi yenyewe pamoja na utumbo wa kutosha mwishoni. Asirudi kwa njia ileile, azunguke mbali. Achomeke vijiti upande mmoja ili wewe ujue njia ilipo.

Subiri dakika 15, funga kamba ya mita 10 kwenye mkanda wa kifuani. Ya shingoni inamwinua kichwa. Baadaye punguza utumbo, ongeza urefu, muda au kona, lakini kimoja kwa wakati.

Kwenye kona ndipo watu wanaharibu. Mbwa atapitiliza mita chache, atainua kichwa, mkia utabadilika. Simama hapohapo, shika kamba, usiseme neno, usimtazame machoni. Atapiga duara. Akiipata utasikia pumzi fupifupi za pua na kamba itakaza mkononi; hapo mfuate. Akishindwa kabisa, rudi naye hadi alipokuwa na uhakika, aanze upya mwenyewe. Kidole usinyooshe.

Jua likipanda acha. Mchanga mkavu haushiki harufu vizuri, na mbwa anayehema mdomo wazi hanusi sawasawa. Mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha, na umalize angali ana hamu.

Ukirudi, kagua kupe masikioni na katikati ya vidole. Aliyekuwa mchangamfu akizubaa ghafla na kukataa chakula, usimwite mvivu. Huenda ni homa ya kupe, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Chanjo ya kichaa cha mbwa iwe hai kabla hujamtoa.

Na usimfungulie kwenye misitu ya hifadhi ya Pugu au Kazimzumbwi. Kuwinda bila leseni ni kosa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya Tanzania ya 2009; kwa mafunzo haya ngozi ya mbuzi inatosha kabisa.