Nakatwa kodi kwenye LUKU, bustani ya mtaa imekauka

SWALI: Shikamoo mama. Bustani ya mtaa wetu hapa Mwanza, upande wa ziwani, ilijengwa vizuri kwa fedha za mradi: mabenchi, taa, nyasi. Sasa bomba halitoi maji, bembea zimebaki minyororo, na watoto wanacheza barabarani kati ya bodaboda. Nami nakatwa kodi ya jengo kila ninunuapo umeme. Hela hiyo inakwenda wapi? – Baba wa watoto watatu

JIBU: Marahaba mwanangu. Kodi ya majengo zamani ilikusanywa na halmashauri zenyewe. Tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU na kuingia kwanza Serikali Kuu, kwa hiyo halmashauri inangoja mgawo. Kinachobaki mkononi mwake ni mapato ya ndani: ushuru wa huduma, leseni za biashara, ushuru wa masoko. Humo asilimia 10 ni ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mujibu wa sheria, na sina kinyongo nayo hata kidogo. Bado kuna madarasa, zahanati, taka, posho za vikao.

Nimefanya kazi miaka mingi kwenye meza ya bajeti ya halmashauri, na jambo hili liliniuma kila mwaka. Fedha ya mradi hulipa saruji na mabenchi. Mtu wa kumwagilia hailipi. Mradi ukikabidhiwa, ankara ya maji, mlinzi na mfyekaji havina kasma, yaani fungu lake kwenye bajeti, na kiangazi cha Juni hadi Agosti kinamaliza nyasi zote huku ziwa liko pale pale mnaliona. (Usiniambie habari za kisiwa cha Saanane. Ile ni Hifadhi ya Taifa, iko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na kuingia unalipa. Mtoto hawezi kwenda kila jioni.)

Mtaambiwa dawa ni kumkodishia bustani mwenye mgahawa. Kona moja, sawa, mkataba ukisema kodi yake ya pango inatunza bustani na geti halifungwi. Bustani nzima, kataeni.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini mapendekezo hukusanywa miezi mingi kabla. Ukingoja Juni umechelewa. Andikeni barua kwa mtendaji wa kata, iingie kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, mkiomba kasma ya matunzo yenye jina la bustani yenu. Kisha baraza la madiwani likikaa kujadili bajeti, nendeni mkasikilize, na diwani wenu ajue mapema kwamba mtakuwepo.