Maswali ya Wasomaji: Kasha la Kompyuta Unayojiundia

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeamua kujiundia kompyuta ya mezani badala ya kununua iliyokwisha kuundwa. Nimeshachagua ubao mama wa kipimo kidogo kiitwacho micro-ATX, kadi ya picha yenye urefu wa milimita 304 na kipoza prosesa cha mnara chenye kimo cha milimita 158. Kuna kasha limenivutia, na maelezo yake yanasema linapokea kadi ya hadi milimita 330. Baadaye ningependa kufunga rejeta ya kupozea kwa maji upande wa mbele. Je, kasha hilo litanitosha, au nichukue kubwa zaidi ili nijihami?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa vifaa ulivyo navyo sasa litakutosha, kwa mpango wako wa baadaye halitakutosha. Urefu huo wa milimita 330 hupimwa kuanzia ukuta wa nyuma wa kasha, pale kadi inapofungwa kwa skrubu, hadi kitu cha kwanza kinachoizuia mbele, na tatizo ni kwamba watengenezaji hawakubaliani kitu hicho ni kipi. Baadhi yao hupima feni za mbele zikiwa zimefungwa, wengine hupima kasha likiwa tupu. Rejeta nyingi zina unene wa takriban milimita 27, na feni ya kawaida ina milimita 25. Ikiwa kasha lilipimwa tupu, ukitoa vyote viwili unabaki na 278, na kadi yako haiingii hata kidogo. Ikiwa lilipimwa feni zikiwemo, unatoa rejeta peke yake na kubaki na 303, nawe una kadi ya 304. Milimita moja ni kitu kidogo mno kwa macho, lakini chuma hakinyooki kwa kusukumwa.

Una njia mbili za kutoka hapo. Ya kwanza ni kutafuta kasha linaloruhusu rejeta kufungwa juu, mradi uhakikishe kwamba rejeta na feni zake hazitagongana na vijiti virefu vya kumbukumbu (RAM) wala na vyuma vya kupozea vilivyo ukingoni mwa ubao mama. Ya pili, ambayo mimi ningeichagua, ni kuachana na rejeta kabisa. Kipoza cha mnara chenye kimo cha milimita 158 kinazimudu prosesa nyingi za matumizi ya nyumbani bila taabu, hakina pampu ya kuharibika wala maji ya kuvuja, na kila inapobidi kukisafisha unahitaji brashi tu.

Hata hivyo, kimo cha kipoza nacho kina mtego wake. Ile 158 huhesabiwa feni ikiwa imekaa mahali pake pa kawaida. Ukiweka vijiti vya kumbukumbu vyenye mapezi marefu, feni ya mbele ya kipoza hulazimika kupandishwa juu yavyo, na kimo chote huongezeka kwa kiasi hichohicho. Kasha linaloishia milimita 160 lina nafasi ya milimita mbili tu, na kwa hiyo ubavu wa kasha unaweza kukataa kufungika siku ile ambayo kila kitu kimeshafungwa. Tafuta lenye 165 au zaidi. Upana huohuo wa kasha, kutoka ubao mama hadi ubavuni, ndio unaoamua pia hatima ya waya wa umeme wa kadi za picha mpya: plagi yenye pini 16 haipendi kukunjwa karibu na shina lake, na ushauri uliozoeleka ni kuacha takriban milimita 35 zilizonyooka kabla ya mkunjo kuanza. Ubavu wa kioo unaoikandamiza plagi hiyo ni hatari ya kweli, maana pini zisizoshikana vizuri hupata moto.

Kuhusu kujihami kwa ukubwa, sikushauri ufanye hivyo bila sababu. Ubao wa micro-ATX una milimita 244 kwa 244, na makasha mengi yanayopokea ubao wa ATX wa 305 kwa 244 huupokea huo pia. Ukichukua kasha la namna hiyo, tazama kwanza vile vinguzo vidogo vya shaba vinavyouinua ubao kutoka kwenye bati. Kasha huweza kuja na vinguzo vilivyokwisha kufungwa kwa ajili ya ubao mkubwa, na kimoja kikibaki chini ya ubao wako mahali pasipo na tundu, kitagusa risasi ya kulehemia na kusababisha shoti. Kifungue kabla hujaulaza ubao.

SWALI: Kati ya kasha lenye kioo mbele na lenye wavu, lipi ni bora? Nahofia wavu utaingiza vumbi.

JIBU: Chagua wavu. Vumbi huingia pamoja na hewa, na hewa hupita popote inapopata upenyo. Kioo cha mbele kinazifanya tu feni zivute kwa nguvu zaidi kupitia nyufa za pembeni, tena kwa kelele. Kinachozuia vumbi ni chujio, na chujio zuri ni lile unaloweza kulichomoa kwa mkono mmoja bila kufungua skrubu, la sivyo hutalisafisha kamwe. Pawasaplai iliyolazwa chini na feni yake ikitazama sakafu inahitaji chujio lake pia. Feni zinazoingiza hewa zikizidi kidogo zinazoitoa, kwa mfano mbili mbele na moja nyuma, hewa iliyochujwa itatoka nje kupitia nyufa badala ya vumbi kuingilia humo. Kasha likiwa na nafasi ya feni za milimita 140, zitumie, kwa kuwa huzunguka polepole kuliko za 120 kwa kiasi kilekile cha hewa.

SWALI: Nina kasha la kompyuta iliyokufa zamani. Naweza kulitumia kwa vifaa vipya?

JIBU: Pengine. Kiwango cha ATX kilitolewa na kampuni ya Intel mwaka 1995, na matundu ya skrubu yaliyowekwa wakati huo bado yanatumika. Tofauti utaiona kwingine: makasha mengi ya zamani yana feni za milimita 80 tu, na kreti za diski za mbele hukatiza njia ya kadi ndefu. Chukua rula upime kabla ya kununua chochote, na uangalie kama kreti hizo zimefungwa kwa skrubu au zimepigwa ribiti. Kama lilitoka kwenye kompyuta iliyouzwa ikiwa kamili, chunguza waya za swichi ya kuwashia: zikiwa zimeunganishwa zote kwenye plagi moja pana, huenda zisilingane na ubao wako, na itabidi uzitenganishe pini moja moja.