Majibu kwa Wasomaji: Kununua Vyombo vya Sauti Mtandaoni kwa Bei ya Punguzo

SWALI: Assalamu alaykum Mhariri. Natafuta seti ya vyombo vya sauti vya sinema ya nyumbani, yaani amplifaya, spika tano na sabufa moja. Katika maduka ya Mlandege bei yake imenishinda, lakini nimeona mtandaoni muuzaji wa Marekani anayeuza seti ya kampuni hiyo hiyo kwa karibu nusu ya bei. Shemeji yangu anaishi huko na yuko tayari kuipokea na kuitia katika kontena linalokuja Zanzibar. Je, bei hiyo ni ya kweli, na ninunue?
Msomaji, Chake Chake, Pemba

JIBU: Waalaykumu salaam. Bei hiyo yaweza kuwa ya kweli kabisa, na bado seti hiyo isikufae, kwa sababu ya umeme.

Zanzibar tunatumia umeme wa volti 230 na hertz 50 (hertz ni idadi ya mitetemo kwa sekunde), wakati Marekani wanatumia volti 120 na hertz 60. Kabla shemeji yako hajalipa chochote, mwombe akutafutie picha ya mgongo wa amplifaya, pale waya wa umeme unapoingia, asome maandishi madogo yaliyopo hapo. Akikuta "AC 120V 60Hz" peke yake, basi chombo hicho kikichomekwa ukutani kwako kitapokea karibu mara mbili ya volti kilizotengenezewa; ukibahatika itakatika fyuzi, na usipobahatika itaungua transfoma ya ndani pamoja na vilivyo jirani yake. Kubadilisha plagi ili iingie katika soketi zetu za pini tatu za mraba hakusaidii kitu, kwani plagi haipunguzi volti. Akikuta "100–240V 50/60Hz" hakuna tatizo, lakini maandishi hayo utayaona zaidi katika vyombo vidogo kuliko katika amplifaya kubwa.

Wapo watakaokwambia ununue transfoma ya kushushia umeme. Inawezekana, na kama ndiyo njia pekee uliyonayo, chagua yenye uwezo usiopungua mara mbili ya wati zilizoandikwa mgongoni mwa amplifaya, yaani kama imeandikwa wati 500, transfoma iwe ya wati 1,000 au zaidi. Hata hivyo mimi sikushauri. Transfoma hizo ni nzito, baadhi yake huvuma, na zinashusha volti tu bila kugusa hertz. Nayo transfoma ya ndani ya amplifaya iliyopangiwa hertz 60 hupata joto zaidi ikifanya kazi kwa hertz 50. Ukiongeza joto la kwetu, na kabati la televisheni lisilopitisha hewa, utakuwa umekifupishia maisha chombo ambacho umekitafuta kwa jasho lako.

Kuna jambo moja hapa ambalo wanunuzi wengi hawalifikirii, nalo linaweza kukuokolea fedha nyingi. Zile spika tano za kawaida, ambazo huunganishwa na amplifaya kwa nyaya mbili nyembamba, haziingii katika umeme wa ukutani hata kidogo. Hazijui kama ziko Chicago au Chake Chake. Kwa hiyo unaweza kuigawa seti: spika azinunue shemeji yako huko kwa bei ya punguzo, na amplifaya uitafute kwa muuzaji anayeuza vyombo vya volti 230. Sabufa ihesabu pamoja na amplifaya, kwa kuwa sabufa nyingi za majumbani zina amplifaya yao ndani na waya wao wa umeme. Utakapogawa hivyo, linganisha ohm za spika, yaani kipimo cha ukinzani wake kwa umeme, na zile zilizoandikwa nyuma ya amplifaya. Amplifaya inayotaka kuanzia ohm 6 isipewe spika za ohm 4, maana italemewa ukiongeza sauti.

Sasa kuhusu punguzo lenyewe. Mara nyingi sababu yake ni ya halali: toleo la mwaka uliopita linaondolewa ghalani, au chombo kilirudishwa na mnunuzi kikakarabatiwa kiwandani na kuuzwa tena. Vyombo vya namna hii si vibaya, na kwa maoni yangu toleo la mwaka jana ndilo nunuo bora kuliko yote, kwa sababu amplifaya haichakai kwa kukaa katika boksi. Linalotakiwa kukutia shaka ni muuzaji asiyeidhinishwa na kampuni. Kampuni kubwa huweka katika tovuti zao orodha ya wauzaji waliowaidhinisha, na kampuni nyingi hukataa dhamana ya chombo kilichonunuliwa nje ya orodha hiyo, au ambacho namba yake ya mfululizo imebanduliwa. Hata dhamana iliyo kamili kwa kawaida hutumika katika nchi ya ununuzi tu. Amplifaya ikiharibika Pemba, gharama za kuirudisha Marekani zitakuwa juu yako. Kwa ununuzi wako, basi, ihesabu dhamana kuwa haipo, halafu ujiulize kama bei bado inakuridhisha.

Usisahau pia kwamba ushuru wa mzigo unaokuja kwa meli haukadiriwi kwa bei ya dukani peke yake, bali huongezwa bima na nauli. Muulize wakala wa forodha kabla ya kununua. Na kwa kuwa Pemba inapata umeme wake kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, na unapokatika hurudi kwa kishindo, tenga fedha ya stebilaiza nzuri kabla ya kutenga fedha ya spika kubwa.

SWALI: Mtandaoni nimeona sabufa na spika zake zimeandikwa wati 12,000 PMPO kwa bei ndogo, na nyingine zimeandikwa wati 80 kila chaneli, yaani kila njia ya spika moja, kwa bei kubwa mara nne. Nawezaje kueleza tofauti hii kwa mume wangu, ambaye ameshaipenda ya kwanza?
Mama wa Wete, Pemba

JIBU: Mwonyeshe mgongo wa ile ya kwanza, au picha yake, mahali palipoandikwa wati ambazo chombo kinavuta kutoka ukutani. Pakiwa pameandikwa wati 60, hesabu imekwisha, kwa kuwa chombo kinachovuta wati 60 hakiwezi kutoa wati 12,000 katika spika isipokuwa kwa kufumba na kufumbua, kama kinaweza hata hivyo. PMPO, yaani nguvu ya kilele inayodaiwa kufikiwa kwa muda mfupi mno, haina kipimo kinachokubaliwa na wote, na kila mtengenezaji anaweza kuandika apendavyo. Kinachofaa kusomwa ni wati za RMS, yaani zile ambazo chombo kinaweza kuzitoa mfululizo.

Hata wati 80 nazo zina maelezo yake, na muuzaji mkweli huyaandika. Amplifaya iliyopimwa kwa ohm 8, kuanzia hertz 20 hadi 20,000, yaani kutoka sauti nzito hadi nyembamba, huku upotokaji wa sauti ukiwa chini ya asilimia 1, ina nguvu zaidi kuliko ile inayodai wati 80 kwa ohm 6, kwa mlio mmoja tu wa hertz 1,000, huku upotokaji ukifika asilimia 10. Udanganyifu wa namna hii ni wa zamani. Marekani walitunga kanuni ya kuwabana watangazaji wa amplifaya tangu mwaka 1974.

Ningependa mumeo ajue na hili pia. Kuzidisha wati mara mbili huongeza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, na kutoka wati 80 hadi 100 ni kama desibeli 1, tofauti ambayo sikio huitambua kwa taabu. Kwa sebule ya kawaida, yenye sakafu ya vigae na kuta za saruji, mazulia na mapazia mazito yatawasaidia kuliko wati za nyongeza, maana mwangwi ndio unaoyafanya maneno ya filamu yasisikike vizuri.

SWALI: Muuzaji wa mtandaoni wa Dubai ananiahidi kunirudishia fedha ndani ya siku 30 nisiporidhika na amplifaya na sabufa yake. Mzigo utapokelewa na wakala huko na kuletwa Unguja. Je, ahadi hiyo inatosha?
Msomaji, Mwanakwerekwe, Unguja

JIBU: Kwa upande wa umeme umechagua vizuri, kwani vyombo vilivyotengenezwa kwa soko la Dubai hutumia volti 230, hertz 50 na plagi kama zetu. Ahadi ya siku 30, hata hivyo, kwa kawaida huanza kuhesabiwa siku mzigo unapopokelewa katika ghala la wakala. Mzigo ukisubiri kontena lijae, kisha ukae baharini na bandarini, siku hizo zitamalizika kabla hujafungua boksi.

Ukisema uulete kwa ndege ili kuwahi, tazama kwanza vipimo vya boksi. Wasafirishaji wengi wa haraka huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha hugawa kwa 5,000, na wakipata uzito unaozidi ule wa mizani hutoza huo mkubwa. Sabufa yenye boksi la sentimita 50 kwa 45 kwa 50 huhesabiwa kilo 22.5, hata kama mizani inasema 14.

Angalia pia jina la anayeuza hasa. Katika tovuti kubwa, Amazon ikiwemo, bidhaa nyingi huuzwa na wafanyabiashara wengine waliopanga nafasi humo, na masharti ya kurudisha huweza kutofautiana. Lipa kwa kadi ya benki, ili uwe na njia ya kudai fedha zako, na umkatae anayekutaka umtumie fedha moja kwa moja nje ya tovuti. Kama sabufa imeshatumika, omba picha ya karibu ya ukingo unaoshika koni ya spika. Ukingo wa sponji huoza upesi katika hewa yetu ya chumvi na unyevu, na ule wa mpira hustahimili zaidi.

Kama unaye ndugu au jamaa huko, na wengi wetu tunao, mzigo upokelewe na yeye kabla ya kufika kwa wakala. Afungue boksi bila kulichana, aunganishe amplifaya na televisheni kwa tundu lililoandikwa HDMI ARC, kisha aende kwenye menyu ya spika na kuwasha mlio wa majaribio, ambao hupita katika chaneli moja baada ya nyingine. Spika yoyote iliyo karibu itamtosha kwa kazi hiyo, akiihamisha kutoka tundu hadi tundu, halafu asikilize sabufa kwa sauti ndogo na kwa sauti kubwa. Chaneli moja ikinyamaza, au sabufa ikikwaruza, airudishe wiki hiyo hiyo.