Maswali ya Tableti ya Kuchorea: Someni Draiva Kabla ya Boksi

Tableti yangu ina viwango 8192 vya mkandamizo, mwenzangu kanunua ya 16384. Nimeachwa nyuma?

Hujaachwa. Viwango hivyo ni hatua ambazo kalamu hutofautisha kati ya mguso mwepesi na kubonyeza kwa nguvu zote. Kutoka 8192 hadi 16384 ni nyongeza ya biti moja tu, yaani tarakimu moja ya 0 au 1 ya kompyuta, na bado sijaona mkono unaoitambua. Kinachosikika mkononi ni uzito wa kuanzia, yaani gramu ngapi zinahitajika kabla mstari haujatokea. Hizo muuzaji hazitaji.

Na LPI 5080?

Mistari 5080 kwa inchi, sawa na 200 kwa milimita: kipimo cha jinsi tableti inavyotambua kwa undani mahali kalamu ilipo. Kioo chako hakina pikseli za kulingana nayo. Tuendelee.

Kalamu inasogeza kishale vizuri lakini mstari haunenepi wala haukondi. Nimeuziwa mbovu?

Swali hili nimelijibu mpaka nimechoka. Umeweka draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuielewa tableti? Siyo ile kompyuta iliyojiwekea yenyewe, ya mtengenezaji. Bila hiyo, kalamu mara nyingi huchukuliwa kama kipanya, na kipanya hakijui kubonyezwa kidogo au sana. Kama ulikuwa na tableti nyingine, futa draiva yake kwanza na uwashe kompyuta upya, kwa sababu mbili zikikaa pamoja hugombana.

Mwenye Windows ana mtihani wa pili: mkandamizo hupita kwa njia mbili, Wintab na Windows Ink. Programu ya kuchorea ikisikiliza moja na draiva ikisema kwa nyingine, hamtaelewana. Chagueni moja pande zote mbili. Mwenye Mac, nenda kwenye mipangilio ya faragha uipe draiva ruhusa inazoomba. Na jamani, msipakue draiva kwenye tovuti zinazojidai kuwa na draiva za kila kitu. Utaingiza mdudu kwa ajili ya mstari mnene.

Nikichora duara linatoka yai.

Eneo la kazi halilingani na kioo. Katika hali ya kalamu, kila nukta ya tableti ina nukta yake kwenye kioo. Tableti ya 16:10 (upana kwa kimo) ukiitandaza kwenye vioo viwili vya 16:9 vilivyopangwa ubavu kwa ubavu, kila kitu kitavutika kwa upana. Ifunge kwenye kioo kimoja, kisha washa kitufe cha kulinda uwiano. Utapoteza ukingo kidogo, hutaukumbuka.

Kalamu haina betri. Umeme inatoa wapi?

Kwenye tableti yenyewe. Chini ya uso kuna nyaya zinazotoa uga wa sumaku, na koili (waya uliozungushwa) iliyo ndani ya kalamu inauitikia. Ndiyo maana kishale husogea hata kalamu ikiwa inaelea kama sentimita 1 juu. Usinunue kalamu ya kampuni nyingine kwa sababu tu inafanana na yako. Kwa kawaida haitaitikia.

Ncha imelika upande mmoja. Niendelee nayo?

Badilisha leo. Ncha iliyochongoka hukwaruza uso wa tableti, na uso hauna akiba. Ncha za akiba kwa kawaida zimo ndani ya boksi, pamoja na kibanio cha kung'olea ile ya zamani. Angalia huko kabla hujaniandikia tena.