Majeruhi 40, ambulensi 3: nani aende hospitali ipi?

Swali: Ninaratibu magari ya wagonjwa wilayani Hai. Tunaandaa mpango wa ajali kubwa kwenye barabara ya Moshi–Arusha. Basi likipinduka na majeruhi 40, nasi tuna ambulensi 3 tu, je, wote waende KCMC, Moshi, kwa kuwa ndiyo hospitali ya rufaa?

Jibu: Hapana, ndugu mratibu. Piga kwanza hesabu ya mizunguko. Tuseme kwenda KCMC ni dakika 40, kukabidhi mgonjwa na kusafisha machela 20, kurudi 40. Mzunguko mmoja unakula dakika 100. Mkiwa na wagonjwa 9 wekundu, yaani walio hatarini zaidi na wa kuwahiwa kwanza, kila gari likibeba mmoja, wale wa safari ya tatu watafika dakika ya 240. Anayevuja damu tumboni hawezi kungoja saa nne.

Kwa hiyo wekundu wengine waanzie hospitali ya wilaya, Boma Ng'ombe: njia ya hewa ifunguliwe, damu izuiwe, dripu iwekwe, ndipo wapelekwe mbele. Walioumia kichwa waende KCMC moja kwa moja. Waliovunjika mifupa na hali zao zimetulia waende Mawenzi, hospitali ya mkoa iliyoko Moshi. Ajali ikitokea karibu na KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, gari lingine ligeuzie mkoa wa Arusha, kwenye hospitali ya Tengeru au ya Mount Meru. Hilo mkubaliane na wenzenu wa mkoa wa pili mapema, si siku ya ajali.

Mtu mzima anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, asiye na mapigo kwenye kifundo cha mkono, au anayeshindwa kufuata agizo dogo kama "bana mkono wangu", ni mwekundu.

Mpango huharibika hasa kwa sababu ya wale wa kijani, yaani walioumia kidogo. Wanatembea, kwa hiyo bodaboda na magari ya watu huwawahisha hospitali ya karibu kabla ya ambulensi ya kwanza kufika, na mwekundu anakuta vitanda vimejaa. Wakusanyeni pembeni, muwapakie kwenye Coaster moja pamoja na muuguzi, waende kituo cha afya kisichotarajia wekundu.

Mtu mmoja asimame pale magari yanapoondokea eneo la ajali, akiwa na daftari. Gari lisiondoke bila neno lake. Akipiga simu hospitalini asiulize kama kuna nafasi, maana vitanda vinaweza kuwepo na daktari wa upasuaji asiwepo. Aulize: "Mnaweza kupokea wekundu wangapi ndani ya saa hii?"

Rangi na namba ziandikwe kwa maka kwenye plasta, ibandikwe mkononi. Ikibandikwa kwenye shati itapotea shati likikatwa.

Angalieni pia mtungi wa oksijeni. Wa lita 2, geji ikisoma bar 150, una kama lita 300. Ukifungulia lita 10 kwa dakika, unaisha dakika ya 30, na safari yenu ni 40. Kila ambulensi ibebe mtungi wa pili, na geji isomwe kabla dereva hajawasha gari.