"Hata hayo yote yatimie": hata hiyo ni ipi?

SWALI: Mwalimu, salaam. Katika mafunzo yetu ya Biblia tulibishana mpaka tukaachana bila kuelewana. Mwenzetu mmoja alisoma Mathayo 24:34 katika Union Version, pale Yesu anapomaliza kutaja dalili za kuja kwake, "Kizazi hiki hakitapita, hata hayo yote yatimie", akasema maana yake ni kwamba hayo yote yakishatimia, kizazi hicho bado kitakuwapo. Wa pili akasema hapana, "hata" hapo ni "mpaka", na ikiwa ni "mpaka", basi mwaka wa kurudi kwa Yesu unapigika hesabu. Wa tatu akaleta "naja upesi" ya kitabu cha Ufunuo, akadai kwamba upesi ni kasi wala si muda. Kwa Kiswahili, nani yuko sawa? Halafu kuna kipeperushi tunataka kukichapisha: tuandike "Yesu anarudi hivi karibuni" au "Yesu yu aja upesi!!!"?

JIBU: Wa kwanza amekosea. Wa pili kapata neno, kapoteza hesabu. Wa tatu ana nusu ya ukweli, na nusu yenyewe ndogo.

Tuanze na "hata", maana ndiyo iliyowasha moto. Neno hili tulilitoa kwenye Kiarabu, na huko kwao lina kazi mbili: kufikisha jambo mpaka mahali au wakati fulani, na kutia mkazo, kama tunaposema "hata mimi sijui". Kiswahili kilizichukua zote mbili. Ile ya kwanza leo imezeeka. "Mpaka" na "hadi" wameinyang'anya kiti. Msimulizi wa ngano alikuwa akisema "wakakaa, wakakaa, hata siku moja...", yaani mpaka ikafika siku moja. Mtu wa leo akisema "hata siku moja!" anakataa katakata. Maneno ni yaleyale matatu, ila yamehama nyumba.

Biblia ya Union Version ilitoka nzima mwaka 1952, na Kiswahili chake ni cha watu ambao kwao "hata" ya kufikisha ilikuwa neno la kila siku. Huna haja ya kuniamini mimi. Fungua sura hiyohiyo ya 24, uipitie na kalamu mkononi. Aya ya 13: "mwenye kuvumilia hata mwisho". Aya ya 21: "tangu mwanzo wa ulimwengu hata sasa". Aya ya 27: umeme hutoka mashariki "ukaonekana hata magharibi". Hizo zote ni mpaka. Kisha aya ya 24, manabii wa uongo watataka kuwapoteza, kama yamkini, "hata walio wateule"; hiyo ni ya mkazo. Tena angalia 34 na 36 zilivyokaribiana: "hata hayo yote yatimie" ni mpaka, halafu baada ya aya moja tu, "hakuna aijuaye, hata malaika walio mbinguni", ni mkazo. Msomaji asiye makini hubeba maana ya moja akaitua kwenye nyingine, na nadhani hicho ndicho kilichompata mwenzenu.

Sasa utazitofautishaje? Tazama kinachofuata. Ikifuatwa na jina lenye "tangu" au "toka" nyuma yake, ni mpaka, bila ubishi. Mathayo 1:17 ni mfano mzuri kuliko yote, na una "vizazi" vyenu ndani yake pia: "vizazi vyote tangu Ibrahimu hata Daudi ni vizazi kumi na vinne". Ikifuatwa na kitenzi, angalia kiambishi. Aya ya 39 inasema watu wa siku za Nuhu hawakutambua, "hata Gharika ikaja". Hiyo -ka- ni ya jambo lililokwisha kufika. Aya ya 34 inasema "yatimie", kwa -e ya mwisho, kwa sababu jambo bado halijafika. Kama mfasiri angetaka kusema alichosema mwenzenu, angeandika "hata yakitimia" au "hata kama yatatimia". Hiyo -e peke yake inamaliza kesi. Biblia Habari Njema, ya miaka ya 1990, imeweka "kabla ya" mahali hapo, na mgogoro wote ukatoweka.

Sawa, ni mpaka. Je, mpaka unapima? Hapa ndipo namkatalia wa pili. Nikikuambia "sitaondoka mpaka uje", umejua mpangilio: wewe kwanza, mimi baadaye. Hujajua kama ni dakika kumi au miaka kumi. "Hata" hupanga matukio foleni, haishiki saa. Aya inasema kutimia kutatangulia, kupita kwa kizazi kutafuata. Urefu wa foleni hautoki kwenye neno hilo, unatoka kwa anayepiga hesabu.

Mfano mkubwa wa jambo hili unaanzia, kwa bahati, kwenye "hata" nyingine. Danieli 8:14 katika Union Version: "Hata nyakati za jioni na asubuhi elfu mbili na mia tatu, ndipo patakatifu patakapotakaswa." Hapo angalau kuna tarakimu. William Miller, mkulima na mhubiri wa Marekani, aliichukua 2300 hiyo akafanya siku moja kuwa mwaka mmoja, akaanza kuhesabu mwaka 457 kabla ya Kristo, akaelewa kutakaswa kwa patakatifu kuwa ni kurudi kwa Yesu. Akafika karibu mwaka 1843. Hesabu ikasogezwa, na wafuasi wake wakaishia tarehe 22 Oktoba 1844. Siku hiyo ikapita kama siku nyingine. Sasa rudi kwenye aya uhesabu vilivyomo: kuna "hata", kuna 2300, kuna jioni na asubuhi. Mwaka wa kuanzia haumo. Kwamba siku ni mwaka, halimo. Kurudi kwa Yesu hakumo. Sisemi Miller hakuwa na hoja za kuvitetea hivyo vyote; alikuwa nazo, na alizichota sehemu nyingine za Biblia. Nasema hakuvipata kwenye "hata".

Neno ambalo mmelipita kimyakimya, na mimi naliona zito kuliko "hata", ni "hiki". Kiswahili kina bahati ya viashiria vitatu: hiki kilicho hapa karibu na msemaji, hicho tulichokwisha kukitaja, na kile cha mbali. Yesu anasema "kizazi hiki". Mbele ya nani? Mbele ya wanafunzi waliomfuata mlimani. Sura moja nyuma, 23:36, amesema mambo hayo yote yatakuja "juu ya kizazi hiki", na hapo karibu hakuna anayebisha kwamba ni watu wa wakati wake.

Kuna wafasiri wanaoshika hapohapo. Wanasema aliyoyatabiri yalitimia mwaka 70, majeshi ya Rumi chini ya Tito yalipoibomoa Yerusalemu na hekalu lake, miaka kama 40 baada ya maneno hayo. Watu wa kizazi kile wakiwa wangali hai. Wengine wanasema ni kizazi kitakachoziona dalili, lini na lini. Hawa, ukiwasikiliza vizuri, wanasoma "hicho": kizazi hicho nilichokitaja, kitakachoyaona hayo. Si kosa la dharau, kwa maana aya ya 33 imetoka kusema "myaonapo hayo yote", lakini wajue wamebadilisha kiashiria. Kundi la tatu hulivuta neno la Kigiriki, genea, liwe "ukoo" au "taifa", wakimaanisha Wayahudi hawatatoweka. Kwa Kiswahili njia hiyo ni nyembamba. Kizazi kwetu ni watu wa rika la wakati mmoja, au uzao wa mtu, au mji wa mimba. Taifa tuna neno lake, na mfasiri angelitaka angelitumia.

Edgar Whisenant, Mmarekani mwingine, alifuata usomaji wa kundi la pili. Mtini wa aya ya 32 akaufanya taifa la Israeli, mwaka 1948, taifa hilo lilipoanzishwa, akaufanya kuchipuka kwake, kizazi akakipa miaka 40, akapata 1988, na ndani ya mwaka huo siku za Septemba kati ya 11 na 13. Jibu lake kwa waliomkumbusha aya ya 36 lilikuwa kwamba siku na saa haijulikani, lakini mwaka haukukatazwa. Ujanja huu bado unazunguka. Kwa mtu wa lugha haufiki mbali: "siku ile na saa ile" ni namna ya kusema wakati wenyewe, kama mtu akisema "sijui siku atakayokufa" bila kudokeza kwamba mwaka anaujua. Na kwa anayetaka neno pana zaidi, Matendo 1:7 ina "nyakati wala majira". Maneno hayo mapana yanaubeba mwaka pia.

Tena tazama uzuri huu: kizazi ni "hiki", siku ni "ile". Kigiriki nacho kina tofauti hiyohiyo ya karibu na mbali, na mfasiri hakuipoteza. Wapo wanaojenga juu yake hoja kwamba Yesu anaongelea mambo mawili, la karibu na la mbali. Siwezi kuapa kwamba kiashiria kimoja kinabeba jengo zima, ila ni hoja inayotoka kwenye maandishi, si kwenye kikokotoo.

Twende kwa "upesi". Neno la Kigiriki katika Ufunuo 22:20, tachy, ndilo pia liko Mathayo 28:7, wanawake walipoambiwa kaburini "nendeni upesi". Hapo ni wazi kwamba ni haraka, msichelewe. Mwenzenu ana haki ya kusema upesi huchora namna ya kwenda. Lakini mtu akikupigia simu akasema "naja upesi", huendi kulala ukijiambia kwamba atakimbia sana siku atakayoamua kuondoka. Unakaa macho. Upesi wa anayetumwa ni kasi. Upesi wa anayeahidi ni kutokawia. Tena kitabu hichohicho kimeshasema katika 1:3, "wakati u karibu", na ukaribu hauwezi kugeuzwa kuwa kasi hata ukiusugua. Anayehangaika kwamba tangu hapo imepita miaka mingi, asilivunje neno. Aende 2 Petro 3:8-9, ambako swali limeulizwa wazi na jibu likatolewa kwa lugha ileile ya muda: siku moja kama miaka elfu, na Bwana "hakawii".

Na "naja" je? Wengi hudhani ni "nakuja" iliyokatwa mkia. Sivyo. Kiambishi -na- hakibebi mkazo, kwa hiyo kitenzi kifupi kama "ja" hubaki na ku- yake: ninakuja, nakuja. Katika "naja" kuna -a-, ile ya "jua lachomoza", nayo haihitaji ku-. "Nakuja" hutufanya tumwone mtu yuko njiani sasa hivi. "Naja" ni tamko: kuja kwangu ni jambo la hakika. Tofauti ni ya unyoya, na katika mazungumzo ya leo imefutika karibu yote, lakini masikioni mwa aliyezoea Kiswahili cha 1952 bado ipo.

La pembeni, kwa kuwa nina hakika litakuja wiki ijayo: "mwisho wa dunia" wa Mathayo 24:3 na "ukamilifu wa dahari" wa 28:20 ni maneno yaleyale ya Kigiriki. Dahari ni zama, muda mrefu. Mfasiri alitumia neno la udongo mahali pamoja na neno la wakati mahali pengine. Mimi ningeweka dahari kote, japo najua mahubiri mengi yangepoteza moshi na moto wake.

Kipeperushi. "Hivi karibuni" lina sura mbili: "alifika hivi karibuni" ni la nyuma, "atafika hivi karibuni" la mbele. Kwa kuwa mmeandika "anarudi", hakuna atakayepotea, lakini ni Kiswahili cha taarifa ya habari, kama barabara itakayofunguliwa. "Anarudi" halina kosa, ingawa Biblia yenyewe hupenda "kuja": Matendo 1:11 inasema "atakuja", na Yohana 14:3 "nitakuja tena". La pili ndilo ningelichagua, ila mmelikata vibaya. Hiyo yu- ni kiambishi cha nafsi, -a- ni wakati, na "ja" ni kitenzi. Vyote ni neno moja. Andikeni "Yesu yuaja upesi". Mkitaka kuitenga "yu", itengeni pale isipo na kitenzi: "Yesu yu karibu". Na ile alama ya mshangao mliyoweka mara tatu mwishoni, moja inatosha.