Je, aina ya bakteria ndiyo huamua kama mguu wa mgonjwa wa kisukari utakatwa?

Swali: Mimi ni muuguzi katika wodi ya upasuaji. Tulipokea wagonjwa wawili wa kisukari wenye vidonda vya mguu vilivyoingia maambukizi. Sampuli ya kidonda cha wa kwanza ilipooteshwa maabara ilitoa bakteria wa aina moja tu, stafilokokasi anayesikia dawa za kawaida, yaani anayeuawa nazo. Ya wa pili ilitoa bakteria wa aina nne, akiwemo sudomonasi sugu kwa dawa. Tulimhofia zaidi wa pili, lakini yeye alipona baada ya kukatwa kidole kimoja, ilhali wa kwanza alirudishwa chumba cha upasuaji mara tatu na mwishowe akakatwa chini ya goti. Majibu ya maabara yana uzito gani katika kutabiri matokeo ya upasuaji?

Jibu: Ndugu muuguzi, jina la bakteria hutusaidia kuchagua dawa, lakini peke yake halitabiri hatima ya mguu. Kuhusu mgonjwa wako wa kwanza, jambo ambalo ningependa kulijua kabla ya majibu ya maabara ni kiasi cha damu kilichokuwa kikifika kwenye vidole vyake.

Dawa ya antibiotiki husafiri ndani ya damu, na chembe nyeupe zinazopambana na bakteria hupita njia hiyo hiyo. Ateri zikiwa zimeziba, dawa iliyo sahihi kabisa kwenye karatasi ya maabara haifiki panapohusika. Isitoshe, jeraha la upasuaji huhitaji damu nyingi zaidi ili lipone kuliko ngozi nzima inavyohitaji ili iendelee kuishi, ndiyo maana daktari anaweza kukata hadi kwenye nyama inayoonekana hai, kisha baada ya siku chache akakuta kingo za jeraha zimekuwa nyeusi tena. Kurudi chumba cha upasuaji mara tatu kunanifanya nishuku hali hiyo. Nakuomba pia usitulizwe na uwiano wa shinikizo la damu la kifundo cha mguu na la mkono ukiwa umezidi 1.3, kwa sababu kwa wagonjwa wengi wa kisukari kuta za ateri zimejaa chokaa na haziminyiki, hivyo kipimo husoma juu kuliko hali halisi. Shinikizo la kidole gumba cha mguu hueleza ukweli zaidi, na likiwa chini ya milimita 30 za zebaki, mgonjwa anahitaji kuchunguzwa haraka na mtaalamu wa mishipa ya damu. Hata hivyo, palipo na usaha uliofungiwa ndani hatusubiri uchunguzi huo: usaha hutolewa kwanza, kisha mishipa hushughulikiwa ndani ya siku chache.

Jambo la pili ni kina cha maambukizi, na hapa ndipo wengi wetu hukosea. Wayo umegawanyika katika vyumba vyenye kuta ngumu, na usaha ulioanzia chini ya kidole unaweza kufuata kano hadi karibu na kifundo huku ngozi ya juu ikionyesha wekundu mdogo tu. Mgonjwa ambaye neva zake zimekufa ganzi huenda asilalamike maumivu, na si ajabu akakosa homa na chembe nyeupe zake zikawa za kawaida. Kwa hiyo kukosekana kwa homa si sababu ya kuahirisha upasuaji. Jipu la ndani, hewa inayoonekana ndani ya tishu kwenye picha ya eksirei, au nyama inayooza kwa kasi ni mambo ya kushughulikiwa siku hiyo hiyo, kwani kila saa inayopotea hupunguza sehemu ya mguu inayoweza kuokolewa.

Sasa turudi kwa bakteria, maana sisemi hawana umuhimu. Katika kidonda kipya ambacho hakijatibiwa, mara nyingi huwa ni stafilokokasi au streptokokasi. Katika kidonda cha muda mrefu kilichokwisha kupewa dawa nyingi, na zaidi katika nchi za joto, huongezeka sudomonasi, E. coli na jamaa zao. Na penye nyama iliyokufa huingia wale wasiohitaji oksijeni. Lakini orodha ndefu si lazima imaanishe hatari kubwa. Sampuli iliyochukuliwa kwa kupitisha pamba juu ya kidonda hukusanya pia bakteria wanaoishi hapo bila kudhuru, kwa hiyo inafaa kusafisha kidonda kwanza, kisha kukwangua tishu ya chini yake au kuchukua kipande wakati wa upasuaji. Inawezekana kabisa kwamba baadhi ya wale wanne wa mgonjwa wa pili walikuwa wapangaji tu. Usugu, kwa upande wake, huumiza hasa kwa siku zinazopotea mgonjwa akiwa kwenye dawa isiyofanya kazi. Naye stafilokokasi asidharauliwe kwa kuwa anasikia dawa: ndiye anayeongoza kwa kuingia kwenye mfupa.

Kuhusu mfupa, chuma cha kupimia kikigusa kitu kigumu chini ya kidonda chenye maambukizi, shuku kwamba umeathirika hata kama eksirei ni safi, kwa kuwa mabadiliko huchelewa kuonekana kwa wiki 2 hadi 3. Mfupa unapokatwa, kipande cha sehemu inayobaki kipelekwe maabara. Kikikutwa na bakteria, dawa huendelea hadi wiki 3. Kikiwa safi na nyama laini zikiwa hazina maambukizi, siku chache zinatosha. Na mfupa ulioambukizwa usipoondolewa, dawa hutolewa kwa takriban wiki 6.

Mgonjwa wako wa pili bado yumo hatarini, kwa sababu kidole kikiondoka uzito wa mwili huhamia kwenye vidole jirani na kwenye wayo. Kati ya wagonjwa 100 ambao vidonda vyao vimepona, takriban 40 hupata kidonda kingine ndani ya mwaka mmoja. Kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani, hakikisha amepimiwa viatu vinavyopunguza mgandamizo, na mguu wake mwingine umekaguliwa hadi katikati ya vidole.